Kalsiamu ya samaki: pesa yako iende kwa maji ama kwa chakula?

Wengi tunaofuga samaki hapa Nairobi tulianza na kuku, na hapo ndo mkanganyiko wa kalsiamu unaanzia. Kuku wa mayai akitaga mayai ya ganda laini unaenda agroveti, unaongeza chokaa kwa chakula, baada ya muda maganda yanakuwa magumu tena na maisha yanaendelea. Sasa tilapia wakianza kuonekana na vifuniko vya matamvua (viungo vya kupumulia vya samaki) vilivyolegea, ama vifaranga wakikua polepole na wengine uti umepinda, mtu anakimbilia njia ileile, ananunua unga wa mifupa anauchanganya na chakula alafu anasubiri. Maji hajayapima hata siku moja. Na samaki si kuku, homoni zake zimepangwa kivingine kabisa, na mahali pake pakuu pa kupata kalsiamu si kwa chakula.

Kwa hivyo tulinganishe hizo njia mbili, ya majini na ya chakulani, alafu tufike kwa swali la ununue nini, manake hata ukikubali ni maji bado kuna chokaa, kuna jipsamu, kuna kalsiamu kloraidi, na ukichagua bila kujua maji yako ni ya aina gani pesa inabaki chini ya tangi ikiwa vumbi jeupe. Msimamo wangu nausema mapema: kwa maji ya Nairobi, kalsiamu iwekwe kwa maji kwanza, na pesa ya chakula iende kwa fosforasi na vitamini. Sababu ziko ndani ya mwili wa samaki mwenyewe, ndo maana nitakaa sana kwa homoni kabla sijafika dukani.

Kuku ana tezi shingoni, samaki hana

Mnyama wa nchi kavu anapata kalsiamu kwa mlo. Kati ya mlo na mlo, kiwango kwa damu kikianza kushuka, tezi ndogo za paratiroidi pale shingoni zinatoa homoni inayochota kalsiamu kutoka kwa mifupa, inazuia figo zisiimwage kwa mkojo, na inaamsha vitamini D ili utumbo unyonye zaidi. Mpango wote umejengwa juu ya hofu ya kupungukiwa. Hapo chakula kina nguvu sana, na mfugaji wa kuku yuko sawa kabisa kuanzia kwa chakula.

Samaki hana tezi za paratiroidi. Jeni za homoni hiyo anazo, ila tezi yenyewe hakuna. Na kuna jambo lilichapishwa mwaka 2004 ambalo mimi hunifurahisha kila nikilifikiria: jeni inayoitwa Gcm2, ambayo bila hiyo mnyama wa nchi kavu hawezi kuunda paratiroidi, kwa samaki inatumika kujenga matamvua. Yaani tezi inayolinda kalsiamu shingoni mwetu na matamvua ya tilapia asili yao ni moja. Na ni hapo kwa matamvua ndo kazi kubwa ya kalsiamu ya samaki inafanyika.

Ngozi ya matamvua ina seli maalum zilizojaa mitokondria, zile injini ndogo za kutengeneza nishati. Upande unaoguswa na maji zina milango ya kalsiamu, upande wa damu zina pampu zinazoisukuma ndani kwa kutumia nishati. Maji yanapita hapo mchana na usiku, samaki amekula ama hajakula. Homoni nyingi za kalsiamu kazi yao kubwa ni kuongeza ama kupunguza hiyo milango na hizo pampu, kwa hivyo kama maji yanayopita hapo hayana kitu, homoni inafungua mlango na hakuna anayeingia.

Staniokalsini, breki yenyewe

Ukiwa unatengeneza tilapia jikoni, ukishatoa matumbo na ule mfuko wa hewa, utaona utepe mwekundu wa giza umeshikana na uti wa mgongo, ule ambao watu wanaukwangua kwa ncha ya kisu wakidhani ni damu imeganda. Hiyo ni figo. Washa tochi ya simu uangalie mwisho wake kabisa upande wa mkia, kwa kawaida kuna vitufe viwili vyeupe, vidogo mno, vimezama kwa hiyo nyama nyekundu na ni rahisi sana kuvipita. Mjerumani Hermann Stannius alivieleza mwaka 1839, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyejua vinafanya nini. Mwaka 1964 Mfaransa Maurice Fontaine alivitoa kwa samaki mrefu kama nyoka anayeitwa mkunga, na kalsiamu kwa damu ya samaki huyo ikapanda. Hapo ndo ikajulikana vitufe hivi vinatoa kitu cha kuishusha, na homoni hiyo leo inaitwa staniokalsini.

Inavyofanya kazi ni hivi: kalsiamu kwa damu ikipanda, vitufe vinaihisi vyenyewe, vinamwaga staniokalsini, na matamvua yanapunguza kuingiza. Utumbo pia unapunguza kiasi, na figo zinarudisha fosfeti badala ya kuimwaga, ili hiyo kalsiamu iliyozidi ipate mwenzake ikajenge mfupa na magamba. Ni breki, na kwa samaki ndo homoni yenye nguvu zaidi kwa jambo hili. Inaeleweka ukifikiria bahari, maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 400 kwa lita, nyingi kuliko iliyo kwa damu ya samaki, kwa hivyo samaki wa huko shida yake ya kila saa ni kuzuia isiingie kupita kiasi.

Kitu kinachonifanya niwe na uhakika na upande wa maji ni hiki. Samaki akitolewa hivyo vitufe kisha akawekwa kwa maji yaliyoondolewa kalsiamu, kalsiamu kwa damu yake haipandi vile. Breki imeondolewa, ila hakuna kinachoingia. Chakula kingekuwa ndo chanzo kikuu, kubadilisha maji kusingeleta tofauti hiyo.

Upande wa kuvuta: prolaktini, kortisoli, vitamini D

Sisi wa maji baridi yasiyo na chumvi tuna shida ya upande wa pili, maji yana kidogo na samaki lazima avute. Hapa prolaktini ndo ya kwanza kutajwa. Kwa binadamu tunaijua kama homoni ya maziwa ya mama, kwa samaki ni homoni ya kuishi kwa maji yasiyo na chumvi, na hilo lilionyeshwa mwaka 1959 na Grace Pickford na mwenzake: samaki mdogo anayeitwa kilifishi, akitolewa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, anakufa kwa maji ya mtoni, ila akidungwa prolaktini anaishi. Baadaye ikaonekana kilifishi asiye na pituitari akiwa kwa maji yenye kalsiamu kidogo, kalsiamu kwa damu inaanguka hadi misuli inakakamaa kwa mishtuko. Na kwa tilapia wa Msumbiji, ndugu wa karibu wa huyu wetu, watafiti wa Nijmegen kule Uholanzi walipima wakaona prolaktini inaongeza kalsiamu inayoingizwa na matamvua.

Kortisoli nayo, ile tunayoita homoni ya msongo, inasaidia kuongeza milango na pampu kwa matamvua. Usikimbilie kusema basi msongo ni mzuri, kortisoli ikikaa juu siku nyingi samaki hali vizuri na kinga inashuka, ila ni vizuri kujua kwamba samaki aliye kwa maji matupu anatumia homoni hiyohiyo kujiokoa, ni gharama anailipa kimyakimya na wewe unaona tu hakui.

Vitamini D inaongeza milango pia, na hii samaki anaipata kwa chakula. Hapa ndo chakula kinaingia kwa hadithi ya kalsiamu, kinaleta vitamini inayosaidia kufungua mlango.

Kalsitonini nitaipita haraka. Harold Copp wa Vancouver, Kanada, aliitambua mwaka 1962, na ile ya samaki samoni ilikuja kuwa dawa ya mifupa ya binadamu manake kwa mwili wetu inafanya kazi kwa nguvu kuliko ya kwetu wenyewe. Ajabu ni kwamba kwa samaki mwenyewe nguvu yake kwa kiwango cha damu ni ndogo. Kwa kuchagua ununue nini haikusaidii chochote. Na ili tusichanganye, ile homoni ya kugeuza vifaranga wa tilapia kuwa madume haihusiani na haya kabisa.

Estrojeni inahitaji neno zaidi kama unazalisha. Jike akianza kutengeneza mayai, estrojeni inaliambia ini litengeneze protini ya kiini cha yai, na protini hiyo inabeba kalsiamu nyingi sana, kwa hivyo kalsiamu yote kwa damu ya jike inapanda juu ukilinganisha na dume. Nyingine anaichota kwa magamba. Magamba si ngozi ngumu tu, yana seli zinazojenga na seli zinazomung'unya mfupa, ndo maana mwaka 2010 Wajapani walipeleka magamba ya goldfishi hadi kituo cha anga kuchunguza mfupa unavyofanya bila uzito. Sasa fikiria mama tilapia, ametoa kalsiamu kwa mayai, alafu anayabeba mdomoni, na akiyabeba hali ama anakula kidogo sana. Siku zote hizo kalsiamu ya chakulani haimfikii. Ya majini inamfikia kila anapovuta maji kupitia matamvua. Mimi kwa hili peke yake ningeanza na maji.

Sasa uso kwa uso: maji na chakula

Kalsiamu ya majini inaingia wakati wote, inafikia hata yai na kifaranga ambaye hajaanza kula, na ikizidi samaki ana breki ya kuizuia. Tilapia anaishi vizuri tu kwa maji magumu. Kuna kazi nyingine pia ambayo chakula hakiwezi kufanya: kalsiamu iliyo kwa maji inabana nafasi kati ya seli za matamvua ili chumvi ya mwili isivuje nje. Samaki kwa maji laini sana anavuja sodiamu saa zote. Na inashindania mlango na sumu, manake kadmiamu na zinki zinapitia mlango uleule wa kalsiamu, kwa hivyo maji yenye kalsiamu ya kutosha yanapunguza kuingia kwa hizo. Hiyo haikupi ruhusa ya kuvuta maji ya Mto Nairobi unaopita kando ya magereji na majaa ya taka, hayo achana nayo kabisa.

Kalsiamu ya chakulani inafika tu samaki akila, na ikizidi inaleta shida palepale utumboni, inashikana na fosforasi na inazuia zinki, unaishia kumnyima kitu ambacho hawezi kukipata kwingine. Manake fosforasi ni kinyume cha kalsiamu, majini ni kidogo sana na samaki lazima aipate kwa chakula. Mfupa na gamba ni kalsiamu pamoja na fosfeti, ukikosa moja nyingine haina kazi. Kwa hivyo yule aliyemimina unga mwingi wa chokaa kwa chakula anaweza kuwa ndo anazidisha ulaini wa mifupa anaojaribu kuuponya.

Unga wa mifupa ama omena nzima ni afadhali, zina vyote viwili, na tilapia ana tumbo lenye asidi linaloweza kuyeyusha sehemu ya mfupa. Goldfishi na samaki aina ya kapu hawana tumbo la hivyo, mfupa unawapita. Fosforasi ya pumba na soya nyingi imefungwa ndani ya faiteti, samaki haifikii vizuri.

Chakula kinashinda wapi? Kwa maji yasiyo na kalsiamu kabisa. Tilapia wa bluu waliofugwa kwa majaribio kwa maji ya namna hiyo walihitaji chakula chenye kalsiamu kama asilimia 0.7 na fosforasi kama 0.5 ndo wakue vizuri. Kwa hivyo inawezekana, samaki si kwamba hawezi kunyonya kwa utumbo, ila hiyo ni njia ya dharura, na vifaranga wachanga haiwafai. Ukiwa na maji ya kawaida, peleti nzuri ya dukani tayari ina kalsiamu inayotosha kujaza pengo.

Jambo moja kabla hujalaumu kalsiamu: uti uliopinda unaweza kuletwa na vitamini C iliyokufa kwa chakula kilichokaa stoo muda mrefu kwenye joto. Gunia likiwa la zamani, badilisha hilo kwanza.

Maji yako ni yapi?

Maji ya bomba ya Nairobi sehemu kubwa yanatoka Aberdare, kupitia Ndakaini na Sasumua, na ni maji laini, kalsiamu kidogo na alkalini (ile baikaboneti na kaboneti inayotuliza pH) kidogo. Ondoa klorini kwanza, hiyo inaua haraka kuliko chochote ninachoandika hapa. Maji ya mvua ni matupu zaidi.

Kisima kirefu ni mnyama mwingine. Miamba ya volkano chini ya Nairobi inatoa maji yenye sodiamu na baikaboneti nyingi, alkalini iko juu, kalsiamu iko chini, na visima vingi floraidi imepita ile miligramu 1.5 kwa lita ya WHO. Watu wanadanganyika hapa kwa sababu muuza maji anakuja na kale kamashine ka TDS, kanasoma namba kubwa, anasema maji yako magumu yana madini. TDS inahesabu kila chumvi. Namba inaweza kuwa kubwa na yote ni sodiamu. Kinachokuambia ukweli ni kipimo cha matone cha GH na KH, vile vya watu wa akwariamu: GH ni ugumu, yaani kalsiamu na magnesiamu, KH ni alkalini. Kisima cha Nairobi mara nyingi utapata KH juu GH chini, na ukiona hivyo umeshajua unachohitaji. Maji ya bauza pima kila likija, hujui limejazwa wapi.

Ukitaka kuona hali hii ikifika mwisho wake, angalia Ziwa Magadi kule Kajiado. Maji ya magadi, pH karibu 10, kaboneti ni nyingi hivi kwamba kalsiamu haikai majini, inadondoka. Na kuna tilapia mdogo anaishi humo, anatoa taka ya mwili kwa njia ya urea badala ya amonia kama samaki wengine. Huyo amezoea kwa vizazi na vizazi. Tilapia uliyemleta juzi kutoka kituo cha samaki cha Sagana hajazoea, na kisima chako kina kemia ya aina ileile kwa kiwango kidogo.

Chokaa, jipsamu ama kalsiamu kloraidi

Chukua tangi la lita 1000 na tuseme unataka kuongeza miligramu 20 za kalsiamu kwa kila lita, hiyo ni ugumu wa miligramu 50 hivi kwa lita ukihesabu kama kalsiamu kaboneti, ama nyuzi karibu 3 za GH. Chini ya miligramu 20 za ugumu kwa lita, ukihesabu hivyohivyo, mambo ni mabaya, hasa kwa mayai na vifaranga, ukiwa kati ya 50 na 150 uko pazuri.

Chokaa ya kilimo, kaboneti, utahitaji gramu 50 kama yote itayeyuka. Ndo ya bei ya chini na inapandisha alkalini pamoja na kalsiamu, kwa hivyo kwa maji ya bomba na ya mvua hii ndo chaguo langu, unapata vitu viwili kwa pesa moja na pH inatulia. Inayeyuka polepole kwa msaada wa kaboni dayoksaidi ya samaki wenyewe, na pH ikifika 8.3 hivi inakaribia kusimama. Hapo ndo inashindwa kwa kisima, maji tayari yana alkalini, chokaa inakaa chini miezi na GH haisogei. Maganda ya mayai yaliyosagwa ni kaboneti hiyohiyo, polepole zaidi. Kwa kidimbwi cha udongo mwekundu upande wa Kikuyu ama Dagoretti, udongo wenye asidi, chokaa ya kilimo haina mpinzani, unaimwaga chini kabla ya kujaza maji. Udongo mweusi wa upande wa Athi mara nyingi una chembechembe za chokaa ndani yake, pima kabla hujanunua.

Ile chokaa ya kupaka ukuta usiiweke palipo na samaki. Ni kitu kingine, inarusha pH juu ghafla na unapoteza wote. Kazi yake ni kuua wadudu kwa kidimbwi kikavu.

Jipsamu, gramu 90 hivi kwa tangi hilo. Hii ndo ningemchagulia mtu wa kisima. Inaongeza kalsiamu bila kugusa alkalini, pH haipandi, na bei bado ni ya kawaida kama unapata ile ya kilimo. Usichukue plasta ya dari ya mafundi, ile inachanganywa na vitu vingine. Jipsamu ina uvivu wa kuyeyuka, lita moja inabeba gramu 2 tu, kwa hivyo ndoo ya lita 20 haiwezi kumaliza zaidi ya gramu 40, ukikoroga ukaona mchanga mweupe bado uko chini usidhani umeuziwa feki. Koroga, mwaga maji ya juu karibu na hewa inapobubujika, ongeza maji kwa ndoo urudie. Kalsiamu kiasi itadondoka ikikutana na baikaboneti ya kisima, ndo maana unapima tena kesho yake badala ya kuamini hesabu. Na faida nyingine kwa kisima: kalsiamu ikiwa ya kutosha majini, makali ya floraidi kwa samaki yanapungua.

Kalsiamu kloraidi, gramu 75 hivi ya ile yenye maji ndani yake. Inayeyuka papo hapo na ndo ya bei ya juu. Wanaotengeneza jibini wanaitumia, kwa hivyo maduka ya kemikali mjini wanayo, itisha ile safi ya chakula. Ile kavu kabisa inatoa joto ikigusa maji, iyeyushe kwa ndoo kwanza, na mfuko ufunge vizuri manake inavuta unyevu wa hewa hadi inakuwa uji. Kwa bwawa kubwa ni kutupa pesa. Kwa matangi ya kutotolesha mayai, pale unapotaka namba kamili na leo leo, inastahili bei yake.

Kwa hivyo mimi ningegawa hivi: bomba ama mvua, chokaa ya kilimo. Kisima, jipsamu. Kutotolesha na kusafirisha, kalsiamu kloraidi kidogo. Chakula, peleti mpya yenye fosforasi na vitamini D na C zinazoeleweka, na omena ukipata nzuri, bila kuongeza chokaa yoyote juu.

Aina ya samaki inabadilisha kidogo. Kambare hana magamba, kwa hivyo akiba hiyo ya kalsiamu hana, ana mifupa tu, na vifaranga wake nisingewaweka kwa maji ya mvua matupu hata wiki moja. Trauti aachwe Nyeri kwenye maji ya baridi. Goldfishi wa sebuleni, kwa sababu hana tumbo la asidi, kwake maji yana uzito zaidi ya hata kwa tilapia.

Kwa kusafirisha vifaranga, hapo homoni zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kortisoli iko juu, matamvua yanavuja, na safari ya kutoka Sagana na foleni ya Thika Road ni masaa. Mwambie anayekufungia mifuko aongeze kalsiamu kidogo na chumvi kidogo ya kawaida kabla ya kujaza oksijeni. Ukifika nyumbani pima GH ya maji ya mfuko na ya tangi lako. Zikiwa mbali, changanya polepole, kikombe kwa kikombe kwa saa nzima ama zaidi, manake kuongeza milango ya kalsiamu kwa matamvua kunachukua masaa hadi siku kadhaa, na kifaranga aliyetoka kwa maji magumu akamwagwa ghafla kwa maji laini bado ana milango michache.